Alice Hamilton: Daktari aliyewafuata wagonjwa hadi kiwandani

Ukifika hospitali na tumbo linalosokota, kichwa kinachouma na mwili uliochoka, daktari atakuuliza maswali mengi. Atauliza homa ilianza lini, umekula nini, umeshapima malaria. Lakini kuna swali moja linalosahaulika mara nyingi: unafanya kazi gani? Na kama mgonjwa ni mtoto, swali hilo linapaswa kuwa: baba au mama anafanya kazi gani, na akirudi nyumbani nguo za kazi anazivulia wapi?

Si swali jipya. Mwaka 1700 daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliwahimiza madaktari wenzake waliongeze kwenye yale wanayomuuliza mgonjwa. Ila kuuliza ni jambo moja, na kulifuata jibu mpaka kiwandani ni jambo jingine. Wiki hii, ndugu msomaji, nakuletea maisha ya mwanamke aliyelifuata jibu hilo kwa miguu yake. Jina lake ni Alice Hamilton, daktari Mmarekani aliyezaliwa tarehe 27 Februari 1869 na kufariki tarehe 22 Septemba 1970 akiwa na miaka 101.

Kama wewe ni fundi rangi, fundi betri, mchimbaji mdogo wa dhahabu au mzazi unayeishi jirani na karakana, maisha ya mama huyu yanakuhusu kuliko unavyodhani.

Kutoka Fort Wayne hadi Chicago

Alice alizaliwa New York, lakini alikulia mji wa Fort Wayne, jimbo la Indiana, katika familia iliyothamini sana vitabu. Yeye na dada zake walifundishwa nyumbani. Biashara ya baba yao ilipoanguka, Alice alijua atalazimika kujitafutia riziki. Akachagua udaktari, kwa sababu aliona daktari anaweza kwenda popote, mjini au kijijini, na akawa na manufaa kwa watu.

Wakati huo wanawake madaktari walikuwa wachache sana. Alihitimu Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1893, kisha akaenda Ujerumani kusoma zaidi kuhusu bakteria na mabadiliko yanayoletwa na ugonjwa mwilini. Huko aliruhusiwa kuhudhuria masomo kwa sharti la kutojionyesha mbele ya wanafunzi wanaume. Alikaa kimya, akasoma, akarudi kwao.

Mwaka 1897 alipata kazi ya kufundisha katika chuo cha udaktari cha wanawake mjini Chicago. Akaomba pia kuishi Hull House, nyumba iliyoanzishwa na Jane Addams na mwenzake mwaka 1889 katikati ya mtaa wa wahamiaji maskini. Watu walioishi humo walikuwa wasomi walioamua kuwa majirani wa maskini: wakifundisha, wakitunza watoto, wakisikiliza shida za watu. Alice aliishi pale zaidi ya miaka 20.

Kazi yake ya kwanza pale ilikuwa ya kawaida kabisa. Alifungua kliniki ya watoto wachanga, akiwaogesha kwa mikono yake na kuwashauri mama zao. Ndipo alipoanza kuingia majumbani mwa watu, na huko akaona jambo ambalo hospitalini halikuonekana. Katika nyumba nyingi baba alikuwa mgonjwa kabla ya umri wa kuzeeka. Mmoja mikono yake imelegea, mwingine anatetemeka, mwingine amekufa akiwa kijana. Ukiuliza walifanya kazi wapi, unatajiwa viwanda vilevile.

Mwaka 1902 homa ya matumbo ililipuka Chicago, na mtaa wa Hull House uliumia kuliko mitaa mingine. Alice alichunguza inzi waliokuwa wakitoka kwenye vyoo vibovu na kutua kwenye vyakula, akaandika kwamba inzi hao wanabeba vijidudu. Matokeo yake yalishtua mji na kuitikisa idara ya afya. Baadaye ikabainika kwamba chanzo kikubwa kilikuwa kingine: majitaka yalikuwa yamevuja na kuingia kwenye mabomba ya maji ya mtaa ule, na wahusika walificha. Somo hilo hakulisahau. Chanzo cha ugonjwa si lazima kiwe kile kinachoonekana kwa urahisi, na mara nyingine kuna mtu anayejua ukweli na ameamua kunyamaza.

Siri ya kiwanda cha mabafu

Mwaka 1910 jimbo la Illinois lilimkabidhi Alice uchunguzi wa magonjwa yanayotokana na kazi. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake nchini Marekani. Yeye alijikita zaidi kwenye madini ya risasi, ambayo wakati ule yalitumika karibu kila mahali: kwenye rangi, betri, mabomba, vyombo vya udongo na herufi za kuchapia magazeti.

Hakuwa na mamlaka ya kuingia kiwandani kwa nguvu. Alibisha hodi na kuomba ruhusa. Pale alipokataliwa au kuonyeshwa sehemu safi tu, alizunguka kwa njia nyingine: alikwenda hospitalini, kwa wauza dawa, kwa viongozi wa dini, na zaidi ya yote nyumbani kwa wafanyakazi. Wengi waliogopa kusema mbele ya msimamizi, lakini mke wa mgonjwa, akiwa jikoni kwake, alisema kila kitu.

Siku moja alimkuta mhamiaji wa Kipolandi amelazwa, mikono imelegea kwa sumu ya risasi. Mtu huyo alifanya kazi ya kupaka mabafu ya chuma ule utando mweupe unaong'aa. Alice alikwenda kiwandani kwake, akatembezwa, hakuona hatari yoyote. Aliporudi kwa familia ile, akaelezwa ukweli: alionyeshwa sehemu ya kumalizia kazi tu. Kazi yenyewe ilifanyika mahali pengine kabisa. Alipofika huko aliona bafu la chuma likitolewa kwenye tanuri likiwa jekundu kwa moto, na mfanyakazi akilinyunyizia unga ambao uliyeyuka na kushika juu yake. Hewa ilijaa vumbi, na wanaume wale walilivuta kwa kila pumzi. Alichukua unga ule ukapimwa, ukakutwa na risasi hadi asilimia 20.

Hadi uchunguzi unakwisha, timu yake ilikuwa imebaini zaidi ya shughuli 70 za viwandani zilizowaweka wafanyakazi kwenye hatari ya sumu ya risasi. Tena ilivunja hoja iliyopendwa sana na wenye viwanda. Wao walisema mfanyakazi anaugua kwa uzembe wake mwenyewe, kwa kuwa hanawi mikono kabla ya kula au kwa kuwa ni mlevi. Alice alionyesha kwamba sumu kubwa inaingia kwa pua na mdomo kupitia vumbi na moshi. Hata mtu msafi kuliko wote hawezi kunawa mapafu yake. Dawa ni kuliondoa vumbi lenyewe: kulinyonya kwa mitambo, kulowesha unga kwa maji, kufunika mashine.

Bosi aliyetaka ushahidi

Mwaka 1911 serikali kuu ya Marekani ilimchukua Alice kuwa mchunguzi maalumu, akaanza kuzunguka nchi nzima. Miongoni mwa viwanda alivyochunguza ni vya kampuni ya National Lead, iliyotengeneza unga mweupe wa risasi kwa ajili ya rangi. Alimwendea Edward Cornish, mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo, akamwambia watu wake wanapata sumu. Cornish hakuamini. Alikuwa mtu muungwana, na aliona viwanda vyake ni vizuri. Akamwambia alete ushahidi, naye atafanya kila atakachoelekezwa.

Alice alirudi na majina ya wagonjwa 22 waliolazwa hospitalini kwa sumu ya risasi, wote wafanyakazi wa kampuni yake. Cornish alitimiza ahadi. Aliagiza mitambo ya kuzuia vumbi na moshi, akaajiri madaktari wa kuwapima wafanyakazi kila wiki, na yote hayo kwa gharama ya kampuni, kabla hajalazimishwa na sheria.

Usidhani kila mwajiri alikuwa kama yeye. Wengi walimsikiliza Alice kwa adabu, wakamsindikiza hadi mlangoni, kisha wakaendelea kama kawaida. Walikuwa na sababu moja kubwa, nayo ni pesa. Mtambo wa kunyonya vumbi ni ghali, lakini mfanyakazi mhamiaji akiugua, kesho asubuhi kuna wengine 10 getini wanaomba nafasi yake. Gharama ya ugonjwa ilibebwa na mke na watoto wa yule aliyeanguka.

Nani alipe?

Hapa ndipo maisha ya Alice yanapogusa jambo ambalo hata leo linasumbua: nani alipie usalama wa mfanyakazi?

Kabla ya miaka hiyo, Mmarekani aliyeumia kazini alilazimika kumshtaki mwajiri wake na kuthibitisha kwamba mwajiri ndiye aliyekosea. Mwajiri aliweza kujitetea kwamba mfanyakazi alijua hatari na aliikubali, au kwamba kosa ni la mfanyakazi mwenzake. Maskini wachache sana walishinda. Lakini kuanzia mwaka 1911 majimbo, moja baada ya jingine, yalipitisha sheria za fidia, hadi jimbo la mwisho, Mississippi, mwaka 1948. Chini ya sheria hizo, aliyeumia analipwa bila kubishana sana ni kosa la nani, na fedha zinatokana na bima inayochangiwa na mwajiri.

Mwaka huohuo wa 1911, kutokana na uchunguzi wa Alice na wenzake, Illinois ilipitisha sheria iliyowataka waajiri katika kazi zenye sumu kuchukua hatua za kinga, kuwapima wafanyakazi kila mwezi na kutoa taarifa za wagonjwa. Ghafla hesabu ikabadilika. Ugonjwa wa mfanyakazi ukaanza kumgharimu mwenye kiwanda. Mtambo wa kunyonya vumbi ambao jana ulikuwa ghali, leo ukaonekana nafuu.

Serikali ilijaribu pia njia ya kodi. Viberiti vya fosforasi nyeupe viliozesha mifupa ya taya za wafanyakazi, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka 1912 bunge la Marekani liliviwekea kodi kubwa kiasi kwamba kuvitengeneza hakukuwa na faida tena, na ugonjwa ule ukatoweka.

Harvard, vita na petroli

Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Alice alitumwa kuchunguza viwanda vya baruti na mabomu. Vingi vilijengwa kwa siri, lakini yeye alivigundua kwa kufuata mawingu ya moshi wa njano na wafanyakazi ambao ngozi na nywele zao ziligeuka njano kwa kemikali. Mwaka 1918 alichunguza wachonga mawe wa Indiana ambao vidole vyao vilikufa ganzi na kuwa vyeupe kwa sababu ya mtetemo wa mashine za kutobolea.

Mwaka 1919 Chuo Kikuu cha Harvard kilimwajiri kufundisha magonjwa ya kazini. Kilikuwa hakijawahi kuajiri mwalimu mwanamke, ila katika fani hiyo hakukuwa na anayemzidi. Hata hivyo alipewa masharti: asiingie kwenye klabu ya walimu, asidai tiketi za mechi za chuo, na asiandamane na walimu wenzake siku ya mahafali. Alikubali, akafundisha hadi alipostaafu mwaka 1935, bila kupandishwa cheo hata mara moja.

Pambano lake lililowagusa watoto wa dunia nzima lilikuwa la petroli. Mwaka 1923 petroli iliyochanganywa na risasi ilianza kuuzwa mjini Dayton, jimbo la Ohio. Mwaka uliofuata wafanyakazi 5 wa kiwanda kimoja cha New Jersey walikufa baada ya kupata sumu ya kemikali hiyo, wengine wakichanganyikiwa akili. Mei 1925 ukaitishwa mkutano mkubwa Washington. Alice alionya kwamba tatizo si wafanyakazi peke yao, maana risasi hiyo ingetoka kwenye moshi wa magari na kutua mitaani kila mahali. Hakusikilizwa, na biashara ikaendelea.

Petroli hiyo ilichomwa kwenye barabara zetu pia. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa mwaka 2006, na dunia nzima iliachana nayo mwaka 2021. Karibu karne moja tangu onyo lile.

Alichokiacha

Alice alifariki Septemba 1970 nyumbani kwake Hadlyme, Connecticut. Tarehe 29 Desemba mwaka huohuo, Rais Richard Nixon alitia saini sheria ya usalama na afya kazini kwa nchi nzima. Sheria hiyo ilizaa wakala wa ukaguzi, OSHA, pamoja na taasisi ya utafiti, NIOSH. Mwaka 1987 maabara ya NIOSH mjini Cincinnati, jimbo la Ohio, ilipewa jina la Alice Hamilton.

Na ni katika jimbo hilohilo la Ohio ambako lile swali la nani alipe lilipata jibu jingine. Mfuko wa fidia wa jimbo hilo haukungoja watu waumie ndipo ulipe. Ulianza kuwapa waajiri ruzuku ya kununua vifaa vya kupunguza hatari, kama vile mashine za kunyanyulia mizigo mizito na vifaa vya kuhamishia wagonjwa hospitalini ili wauguzi wasivunjike migongo. Katika utaratibu wake unaojulikana zaidi, kwa kila dola 1 aliyotoa mwajiri, mfuko uliongeza 3, hadi kikomo cha dola 40,000. Mwajiri naye alitakiwa kueleza matokeo. Watafiti wa NIOSH na wa mfuko huo walipochunguza waajiri mamia waliopata ruzuku, waliona madai ya majeraha kwa wafanyakazi waliohusika yamepungua kwa zaidi ya nusu.

Tafakari hesabu hiyo, msomaji. Fedha ya mtambo hutolewa mara moja. Fedha ya mgongo uliovunjika au mapafu yaliyoharibika hutolewa maisha yote, na nyingi hutoka mfukoni mwa familia. Mwenye karakana ndogo anaweza kuwa na nia njema kama Cornish na asiwe na mtaji wake. Ruzuku inamsaidia huyo. Asiye na nia, huyo anahitaji mkaguzi na sheria. Alice alijua kwamba vyote vinahitajika.

Kwako wewe na mwanao

Madini ya risasi bado yapo nasi: kwenye betri chakavu, kwenye baadhi ya rangi, kwenye kazi za kuyeyusha vyuma. Zebaki, ambayo Alice aliichunguza kwa watengeneza kofia na machimboni California, ndiyo hiyohiyo wachimbaji wetu wadogo wanaitumia kukamatia dhahabu. Kwa hiyo zingatia haya:

Mtu mzima mwenye sumu ya risasi anaweza kuumwa tumbo la kusokota, kukosa choo, kuumwa kichwa, kupungukiwa damu, kukosa usingizi na kulegea mikono. Kwa mjamzito, mimba inaweza kuharibika. Dalili hizi zinafanana na za magonjwa mengine mengi, hivyo mtajie daktari kazi yako hata kama hajauliza. Mwambie unashika nini, kwa muda gani, na kama wenzako wanaumwa vilevile. Kipo kipimo cha damu cha kuonyesha kiwango cha risasi mwilini.

Mtoto hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kilekile anachokimeza, na ubongo wake ndio unaoumia zaidi. Anaweza asionyeshe dalili yoyote, ila akachelewa kujifunza au akawa msumbufu kupita kawaida. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwake. Ukihofia kwamba amekuwa akichezea vumbi au vyuma vya namna hii, mpeleke hospitali.

Ukitoka kazini, vua nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto, nawa na uoge, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Usile wala kuvuta sigara mahali pa kazi. Usipasue betri uani, wala usichome dhahabu yenye zebaki jikoni au karibu na nyumba. Vumbi la karakana usilifagie likiwa kavu, lilowanishe kwanza. Mpe mtoto mlo wenye madini ya chuma na kalsiamu, kama mboga za majani, maharage, dagaa na maziwa, kwa sababu mwili wenye upungufu wa madini hayo hufyonza risasi zaidi.

Mwisho, zijue haki zako. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akukinge na hatari kazini, na wakala wa serikali, OSHA, ndio wenye jukumu la kukagua. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unahusu ajali na pia magonjwa yanayotokana na kazi, na mchango wake hulipwa na mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wako. Ukiugua kwa sababu ya kazi, toa taarifa kwa mwajiri mapema, na tunza vyeti na majibu ya vipimo vyote.

Bosi wa kampuni ya rangi alitaka ushahidi, na ushahidi ulikuwa majina 22 kwenye karatasi. Kila jina lilikuwa la mgonjwa ambaye kuna mtu alimuuliza anafanya kazi gani, naye akajibu. Safari ijayo ukiingia kwa daktari, usisubiri kuulizwa.